Pete za taa za gari: Urembo unaoweza kukunyima mwanga wa kuonea

Na Mwandishi Wetu, Kolandoto

MIDUARA ya mwanga inayozunguka taa za mbele, ambayo mwanzoni ilikuwa alama ya magari ya kifahari ya Ujerumani, leo inaonekana hata katika magari madogo ya Toyota yaliyoagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na wapo wamiliki wanaoifunga wenyewe nyumbani siku za mapumziko.

Kifurushi cha pete hizo, ambazo wengi huziita macho ya malaika, huwa na pete mbili au nne, nyaya fupi na visanduku vidogo vya kudhibiti umeme. Maelekezo yake mara nyingi ni mistari michache nyuma ya boksi. Mistari hiyo haisemi lolote kuhusu jambo kubwa kuliko yote: kwamba ili pete iingie ndani ya taa ni lazima taa ifunguliwe, na taa iliyofunguliwa hairudi ilivyokuwa bila kazi ya uangalifu.

Pete haimulikii barabara. Kazi yake ni kupendezesha gari na kulifanya lionekane kutoka mbali, basi. Anayemulika ni globu iliyo katikati, akisaidiwa na sahani inayong'aa nyuma yake na kioo kilicho mbele yake. Vitu hivyo vitatu vimepangwa kiwandani kwa vipimo vya milimita, na ndivyo vinavyoguswa pale mtu anapofungua taa kwa ajili ya urembo.

Kwa mkazi wa Kolandoto jambo hili si dogo. Kata hii ya Manispaa ya Shinyanga ipo kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, na hapa ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, hadi Lalago na Mwanhuzi. Hospitali ya Kolandoto, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, hupokea wagonjwa kutoka vijiji vya pande zote hizo, na ugonjwa hauchagui saa.

Giza la huku huingia kwa haraka. Ikifika saa moja na nusu usiku barabarani hakuna mwanga ila wa magari, na wanaoitumia barabara hiyo si madereva peke yao. Kuna waendesha baiskeli ambao wengi wao hawana taa, watembea kwa miguu waliovaa nguo za rangi nzito, mikokoteni ya ng'ombe isiyo na hata kipande cha bati la kuakisi, na wakati wa msimu kuna malori ya pamba yaliyoharibika na kuachwa kando na matawi ya miti yakiwa ndiyo onyo pekee.

Hesabu ndogo inatosha kueleza kinachoweza kupotea. Taa ya gari dogo huwa sentimita 65 hivi kutoka ardhini. Mwanga wake wa chini, ambao madereva huuita dimu, kwa kawaida hupangwa ushuke sentimita moja kwa kila mita moja unayosafiri. Kwa mpango huo ukingo wa mwanga hugusa barabara umbali wa mita 65 mbele ya gari.

Sasa tuseme taa imefunguliwa, ikafungwa, na ikarudishwa ikiwa imeinama kidogo tu, kiasi kwamba mwanga unashuka sentimita mbili kwa kila mita. Kwenye ukuta ulio mita tano mbele ya gari tofauti hiyo ni sentimita tano, upana wa vidole vitatu, na mwenye gari anaweza asiigundue kabisa. Lakini barabarani ukingo wa mwanga sasa unaishia mita 32 na nusu. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliyekuwa na takriban sekunde tatu za kumwona mwenye baiskeli amebakiwa na sekunde moja na nusu, na sehemu kubwa ya hiyo huisha kabla mguu haujafika kwenye breki.

Ikiwa taa imeinuka badala ya kuinama, dereva mwenyewe ataona vizuri na hata atajisifu. Atakayeumia ni yule anayekuja mbele yake, kwa kuwa mwanga utampiga machoni.

Pete za namna hii zilipata umaarufu duniani mwaka 2000, pale kampuni ya BMW ilipoboresha gari lake la daraja la 5 na kuliwekea taa zenye miduara minne, zilizotengenezwa na kampuni ya Hella ya Ujerumani. Ndani ya taa zile hapakuwa na maajabu: globu ndogo ilipitisha mwanga wake kwenye mviringo wa plastiki angavu. Baada ya hapo viwanda vya Asia vilianza kutengeneza pete za kufungwa kwenye gari lolote, na bei ikashuka.

Zinazouzwa leo ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni mrija mwembamba wa kioo wenye gesi ndani, ndugu wa taa za tyubu za majumbani. Huwaka kwa mwanga laini ulio sawa pande zote, lakini unahitaji kisanduku cha kupandisha umeme hadi mamia ya volti, na kioo chake huvunjika kwa mtikisiko. Kwa anayepita kila siku kwenye njia za makorongo za vijijini, aina hiyo haifai. Ya pili ni pete za LED, yaani vijitaa vidogo vilivyopangwa kwenye kibao cha mviringo. Hizi zinastahimili mtikisiko, hutumia umeme kidogo, na zilizofunikwa kwa plastiki nyeupe ya maziwa hutoa mwanga usio na madoadoa. Anayenunua kwa mara ya kwanza achague hizi.

Rangi nayo isichaguliwe kwa kupendeza tu. Nyeupe ndiyo rangi salama. Nyekundu haifai kabisa mbele ya gari, na sababu yake ni rahisi kueleweka: usiku, dereva akiona nyekundu mbele yake anaamini anatazama mgongo wa gari linalokwenda alikokwenda yeye. Anaweza kuamua kulipita, kumbe linakuja. Mkataba wa Kimataifa wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usalama barabarani ulikataza taa nyekundu kuelekezwa mbele kwa sababu hiyo hiyo. Bluu nayo ni rangi ambayo wananchi wameizoea kwenye magari ya polisi na ya wagonjwa.

Hapa nchini, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ambayo ilitungwa mwaka 1973, inataka gari linalotembea barabarani liwe katika hali nzuri, taa zikiwemo, na askari wa usalama barabarani wamekuwa wakikamata magari ya watu binafsi yenye vimulimuli na ving'ora. Pete inayobadilisha rangi kwa rimoti, au inayomweka-mweka, inampa askari sababu ya kusimamisha gari. Ni kweli kwamba rimoti hizo huchekesha watoto, lakini mwenye gari anayepita vizuizi vitatu kati ya Shinyanga na Mwanza atajuta kuinunua.

Kabla ya kununua, fungua boneti na uitazame taa yako vizuri. Kuna taa ambazo ukizichungulia utaona kijicho cha kioo cha mviringo kilichotuna, mfano wa jicho la samaki. Hizo huitwa projekta. Pete hukaa vizuri kuzunguka kijicho hicho, kwa kuwa mwanga wote hutokea katikati na pete haumzibi mtu.

Taa za aina ya pili hazina kijicho. Ukitazama ndani unaona globu na sahani kubwa inayong'aa yenye mikunjo. Mikunjo ile si mapambo. Kila mmoja unapeleka sehemu ya mwanga mahali pake: huu kwenye njia ya mbele, huu pembeni kushoto kwa watembea kwa miguu. Pete ikikaa mbele ya sahani hiyo inatupa kivuli, na kivuli kidogo ndani ya taa ni shimo kubwa la giza barabarani. Kwenye taa za namna hii pete ikae kwenye ukingo wa nje kabisa wa sahani, pasipopita mwanga, au isiwekwe.

Wapo wasiotakiwa kufungua taa kabisa. Wa kwanza ni mwenye gari la taa za zenoni, ambazo huwashwa kwa umeme wa volti zaidi ya 20,000. Wa pili ni mwenye gari jipya ambalo taa zake zimegundishwa kiwandani kwa gundi ngumu isiyolainika kwa joto; ukilazimisha, kioo kinapasuka. Wa tatu ni mwenye lori au basi linalotumia umeme wa volti 24, kwa maana pete nyingi zimetengenezwa kwa volti 12 na zitaungua mara moja. Hao wote wanaweza kutumia pete za kubandika nje, kwenye bampa au kuzunguka taa za ukungu, ambazo hazidai taa kubwa ifunguliwe. Hazivutii sana, lakini usiku unabaki vile ulivyokuwa.

Kuna pia taa nzima zinazouzwa zikiwa na pete ndani tayari. Hizi zinaokoa kazi, ila zina mtego wake. Tanzania, kama Japani na Uingereza, magari hupita kushoto, na mwanga wa chini wa taa zetu umepangwa kuinuka kidogo upande wa kushoto, kando ya barabara. Taa iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani au nchi za Ghuba inainuka upande wa kulia, ambako ndiko yanakotokea magari yanayokuja. Hakuna skrubu ya kurekebisha kasoro hiyo. Mnunuzi aulize, na ikiwezekana aiwashe taa hiyo dukani mbele ya ukuta kabla ya kulipa.

Kazi yenyewe ianze jioni moja kabla, ukutani. Egesha gari mahali palipo tambarare, mita tano kutoka ukutani, likiwa na upepo sahihi kwenye matairi yote na bila mzigo. Washa mwanga wa chini. Kwa kipande cha mkaa au chaki, chora ukingo wa juu wa mwanga wa kila taa jinsi ulivyo, pamoja na mahali unapoanza kuinuka kushoto. Weka alama pia ardhini palipokuwa matairi. Mchoro huo ndio ushahidi pekee wa jinsi taa ilivyokuwa, na anayeruka hatua hii hatakuwa na namna ya kujua alichokiharibu.

Asubuhi, zima gari, toa ufunguo na uondoe waya kwenye ncha hasi ya betri. Piga picha za soketi zote kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Katika magari mengi taa hushikwa na bolti tatu au nne za spana namba 10, na mara nyingine lazima bampa ifunguliwe kwanza. Klipu za plastiki zilizokaa juani miaka mingi huvunjika kama biskuti, hivyo ni vyema kununua chache za akiba. Usikate wala usivute waya usioujua kazi yake. Kwenye pua ya gari hupita pia nyaya za vihisi vya mifuko ya hewa ya usalama.

Toa globu zote, vifuniko vya mpira, skrubu na vibanio vya chuma. Globu ya halojeni usiishike kwenye kioo chake kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hubaki pale, na globu ikipata moto sehemu hiyo hupasuka au huungua kabla ya wakati.

Kioo cha mbele cha taa za kisasa kwa kweli si kioo bali ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, iliyogundishwa kwenye kopo la taa kwa gundi nyeusi inayofanana na lami. Gundi hiyo hulainika kwenye joto linalokaribia la maji yanayochemka. Plastiki yenyewe huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 150. Nafasi kati ya joto linalofungua na joto linaloharibu si kubwa.

Ndiyo maana jiko la mkaa lisitumike kabisa, hata kwa mbali. Joto la mkaa halipimiki na hupiga upande mmoja. Mwenye oveni ya umeme inayopimika anaweza kuweka nyuzi 100, akaiweka taa juu ya ubao ili isiguse chuma, na kuitoa baada ya dakika kumi hivi. Asiye na oveni, na wengi wetu hatuna, atumie boksi kubwa la karatasi ngumu: weka taa ndani, toboa tundu ubavuni, na upulize hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele. Mashine hiyo isiachwe peke yake hata dakika moja. Kazi ikifanyika saa za mchana wa Septemba, jua la Shinyanga nalo litasaidia.

Gundi ikilainika, vaa glavu, anza kwenye kona na uingize bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa. Vuta polepole, pasha tena, vuta tena. Gundi itatoa nyuzi ndefu kama ulimbo. Usiziache zikaangukia ndani.

Taa ikiwa wazi, kuna sheria moja: usiguse sahani inayong'aa. Mng'ao wake ni utando mwembamba mno wa alumini, na kitambaa kinaweza kuufuta pamoja na vumbi. Vumbi likiwa limeingia, lipulizwe tu. Kwa sababu hiyo kazi hii haifanyiki uani siku ya upepo. Ifanyike chumbani, sakafu ikiwa imemwagiwa maji kidogo, na taa iliyo wazi ifunikwe kwa nailoni safi kila unapopumzika.

Pete hupimwa kabla ya kununuliwa, lakini pima tena sasa kwa mviringo wa karatasi ngumu uliokatwa kwa ukubwa ule ule. Ikae bila kukaribia globu, maana globu ya halojeni ya wati 55 ina joto la kuyeyusha plastiki nyepesi. Ishikwe kwa skrubu ndogo au vibanio, na penye ulazima wa gundi tumia ile ya kuchanganya vichupa viwili. Supaglu haifai: mvuke wake hutua kwenye kioo kama ukungu mweupe, na ukishafunga taa ukungu huo hautoki.

Waya wa pete utolewe nyuma ya kopo, upande wa chini. Tundu la juu huingiza maji.

Sehemu ya umeme ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, kwa kuwa ni rahisi kuifanya pete iwake. Mtu akigusisha waya mwekundu kwenye ncha chanya ya betri na mweusi kwenye bodi ya gari, pete inawaka na kila mtu anafurahi. Tatizo ni waya ule mwekundu ukichubuka siku moja kwenye ukingo wa bati na kugusa bodi. Betri ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba unageuka kuwa utambi, na moto unaanzia chini ya boneti, jirani na mafuta.

Kinachozuia hilo ni fyuzi ndogo ya ampea mbili au tatu, iliyowekwa sentimita chache tu kutoka kwenye betri. Fyuzi ikiwekwa mbali, karibu na pete, sehemu yote ya waya iliyo kati yake na betri inabaki bila mlinzi. Pete ya wati tano hutumia chini ya nusu ya ampea, hivyo fyuzi ndogo inatosha kabisa. Anayeweka ya ampea 20 kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo mezani ni sawa na asiyeweka.

Baada ya fyuzi iwekwe rilei, swichi inayojiwasha kwa umeme. Umeme wa kuwasha pete utoke kwenye betri, na rilei iamrishwe na waya wa taa ndogo za kuegeshea. Kwa namna hiyo pete zinawaka ukiwasha taa ndogo na kuzimika ukizizima, wala mfumo wa awali wa gari haubebi mzigo mpya. Pete mbili zikiachwa zinawaka zinakula takriban ampea 0.8. Kwa betri ya ampea-saa 45, nusu yake itakuwa imekwisha kwa saa 28, na asubuhi ya Jumatatu jirani ataombwa kusukuma.

Waya hasi ufungwe kwenye bolti iliyo kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Maungio yachomelewe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu nyeusi ni mazoea ya gereji nyingi, lakini joto la injini hulegeza tepu hiyo, vumbi linaingia, na mvua za Novemba zikianza ndipo pete huanza kucheza. LED huwaka kwa upande mmoja tu. Isipowaka, geuza waya kabla hujailaumu pete.

Iwashe kwa muda wa saa nzima ikiwa bado taa iko wazi. Pete ikizimika, ikififia upande mmoja au kisanduku chake kikichemka, ni heri ijulikane sasa kuliko baada ya kufunga.

Kufunga taa ni kurudia njia uliyokuja nayo. Gundi ya zamani ikiwa safi inaweza kupashwa na kutumika tena, ila penye upungufu iongezwe ya aina ile ile. Wanaotumia silikoni wachague isiyo na harufu ya siki, kwa kuwa ile yenye harufu hiyo hutoa asidi inayoweza kuchafua sahani. Bana kioo pande zote hadi kipoe. Aidha, nyuma ya kopo kuna vitundu au vimirija vidogo vya kupumulia. Fundi mwenye bidii kupita kiasi huviziba akidhani anazuia maji, na matokeo yake taa inatoa jasho ndani kila asubuhi. Viachwe wazi.

Ukishaimwagia taa maji na kuona haivuji, irudishe mahali pake, rudisha globu na uhakikishe kila moja imekaa kwenye kikato chake, kisha unganisha betri. Jioni, lirudishe gari kwenye alama zake mbele ya ukuta, likiwa na upepo ule ule na bila mzigo kama mwanzo.

Ukingo wa mwanga ukiangukia juu ya mchoro wa mkaa, kazi imekamilika. Ukiwa juu au chini, nyuma ya taa kuna skrubu za kurekebishia. Zungusha nusu mzunguko, tazama, zungusha tena. Ukiona mwanga una doa jeusi ambalo halikuwepo jana, skrubu haitasaidia: pete imeziba njia, na taa itafunguliwa upya. Ni vigumu kumshawishi mtu aliyechoka afanye hivyo saa mbili usiku, lakini gari hilo lisiende barabarani usiku kabla ya kurekebishwa.

Kisha mtu mwingine asimame mita 30 mbele ya gari, kwanza akiwa wima na halafu akiwa amekaa kwenye baiskeli, na aseme kama mwanga unamuumiza macho. Pete zinazong'aa kiasi cha kushindana na taa kubwa zipunguzwe nguvu. Vifurushi vingine vina waya maalumu wa kuzififisha taa kubwa zinapowashwa.

Baada ya wiki moja ya safari kwenye vumbi, fungua boneti tena. Kagua kama waya umesogea kwenye chuma, kama kuna unyevu ndani ya kioo, na kama fyuzi imebadilika rangi. Mchoro wa jinsi nyaya zilivyopita, hata ukiwa wa kalamu kwenye karatasi ya daftari, uwekwe ndani ya gari pamoja na fyuzi mbili za akiba, ili fundi atakayelifungua gari hilo siku nyingine, huenda akiwa Kahama au Geita, ajue waya upi ni wa kiwanda na upi ni wa nyumbani.